Mtoto aliyechota maji, je, amekwisha kucheza?

Ni saa 11 za jioni hapa Kasugho, teritwari ya Lubero. Jua limeanza kushuka nyuma ya milima. Kwenye njia inayotoka chemchemi wanapanda watoto, kila mmoja na bido yake. Mdogo amebeba ya lita 5, mkubwa ya lita 20. Msichana mmoja bido yake iko mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, kichwa kimeinama, anaangalia vidole vya miguu yake tu. Pembeni, kwenye kiwanja cha shule, wavulana wanacheza mpira wa masashe yaliyofungwa na kamba. Wanapiga makelele, wanagombana juu ya bao, wanacheka.

Uliza mzazi yeyote wa hapa: "Watoto wako wanafanya mazoezi ya mwili?" Atakujibu: "Mazoezi gani tena? Hawa wanalima, wanachota maji, wanatembea kwa miguu kwenda masomo. Mazoezi ni mambo ya watu wa mujini, wale wanakula na kulala."

Mimi pia nilikuwa najibu hivyo. Nilipoanza kutayarisha habari hii nilifikiri nitaandika mistari michache tu, kuambia ndugu zetu wa Butembo na Beni waache moto mara moja moja na watembee. Lakini nilipofuatilia mambo haya vizuri, niliona kama swali linatuhusu sisi wote, hata sisi wa kijijini wenye mikono migumu. Kazi na mchezo vyote vinatoa jasho, ni kweli. Lakini katika mwili na katika kichwa cha mtoto, kimoja hakiwezi kuchukua nafasi ya kingine.

Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani, lile tunaloliita OMS, lilitoa mashauri yake juu ya jambo hili mwaka 2019 kwa watoto wadogo, na mwaka 2020 kwa watoto wakubwa na watu wazima. Kwa maneno mafupi ni hivi.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asibaki amefungwa mgongoni au kulazwa mchana kutwa. Akiwa macho, alazwe kwa tumbo kwenye mkeka, mbele ya macho ya mama au mlezi, mara kadhaa kwa siku, yote pamoja yafike dakika 30. Pale ndipo shingo na mikono yake inapata nguvu.

Mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji kama saa 3 za kutembeatembea, kukimbia na kucheza, zikigawanywa katika siku nzima. Hiyo ndiyo sababu hatulii. Si utundu. Mwili wake ndio unamwomba.

Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za kitu kinachofanya moyo upige mbio na pumzi iende haraka. Na katika juma, siku 3 kwa uchache ziwe na kitu kinachokaza mifupa na misuli: kuruka, kupanda, kukimbia kwa nguvu.

Mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa kadiri, sawa vile kutembea haraka. Ukigawa ile 150, ni nusu saa kwa siku 5. Wazee wa miaka 65 na zaidi wanaongezewa mazoezi ya kujisimamisha vizuri, siku 3 kwa juma, ili wasianguke na kuvunjika.

Dunia inafikia kiasi hicho? Hapana. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019, ambao ulitazama wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 katika inchi 146, ulikuta watoto 81 kwa 100 hawafikishi ile saa moja ya kila siku. Na kati yao wasichana wako nyuma: 85 kwa 100, wavulana 78 kwa 100. Shika hiyo tofauti ya wasichana na wavulana, tutairudilia.

Maji yanahesabiwa ao hayahesabiwe?

Yanahesabiwa. Tusidanganyane. OMS inasema wazi kama mwendo wowote unahesabiwa: mchezo, kutembea kwenda masomo, kazi za nyumbani. Mtoto anayetembea nusu saa kwenda shuleni na nusu saa kurudi, tena kwa milima yetu hii, amekwisha kupata saa yake. Mbele ya mtoto wa mji mkubwa anayepelekwa na gari, mtoto wa Kasugho ana mapafu na miguu.

Lakini tufanye hesabu ndogo. Lita 20 za maji ni kilo 20. Mtoto wa miaka 10 ana kilo kama 30, na wengi hapa kwetu hawafike hata hapo. Basi anabeba sehemu 2 kwa 3 za uzito wake mwenyewe, kwenye mteremko, pengine miguu mitupu, pengine na tope. Wewe baba wa kilo 60, ni sawa tukupe mfuko wa kilo 40 asubuhi na mwingine jioni, kila siku ya Mungu, na tukuambie: "Si unafanya sport?" Kwa mkoba wa shule tu, wataalamu wengi wanaomba usipite sehemu 1 kwa 10 ya uzito wa mtoto, au zaidi kidogo.

Mzigo mzito unasukuma mifupa ya shingo na ya mgongo upande mmoja tu, kwenda chini. Mchezo unafanya kinyume. Mtoto anayecheza anaruka, anageuka, anasimama ghafula, anakimbia tena. Mfupa unaopigwapigwa namna hiyo, kidogokidogo na kwa pande zote, unakomaa na kuwa mgumu. Misuli yote inapata zamu. Moyo unapanda na kushuka. Na akichoka anakaa chini, hakuna mtu wa kumuuliza kwa nini amekaa. Kwenye njia ya maji hawezi kukaa, sababu giza linaingia na mama anangojea kuweka sufuria motoni.

Tena kuna kichwa. Katika mchezo mtoto anachagua: nimpasie nani, niruke sasa ao ningoje, nikubali nimeshindwa ao nigombane. Anajifunza kufuata sheria ambayo wenzake wamekubali, bila fimbo ya mkubwa. Kazi inamfundisha kusaidia nyumba, na hilo ni jambo zuri, hatutalikataa. Lakini haimfundishi hayo mengine.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: mtoto aliyechota maji ametembea, amefanya kazi, anastahili asante. Kucheza, bado.

Nani anapewa nafasi ya kucheza?

Nitasema jambo la nyumbani kwetu. Tulikuwa watoto wengi, na dada yangu mkubwa alikuwa anakimbia kutushinda sisi wavulana wote. Siku za kutoka masomo tulishindana mpaka kwenye kivuko, yeye alifika wa kwanza na kutungojea huku akicheka. Alipofika kama miaka 11, ilikwisha. Hakuna mtu aliyemkataza. Tu, tulipofika nyumbani mimi nilitupa daftari na kwenda kwenye mpira, yeye alichukua bido. Kisha kuni. Kisha kubeba mdogo wetu mgongoni. Mimi nilicheza mpaka giza, na nilipoingia chakula kilikuwa tayari. Miaka yote ile sikujiuliza hata siku moja kwa nini.

Leo dada ni mama. Msichana wake wa kwanza ana miaka 11, ndiye yule mwenye kamba kwenye paji la uso niliyemwona nikiandika mwanzo wa habari hii. Na kaka yake wa miaka 13 alikuwa kwenye kiwanja.

Jambo hili haliko kwetu peke yetu, ile tofauti ya 85 na 78 inaonyesha ni dunia nzima. Lakini hapa kwetu lina sura yake. Tunasema: "Mtoto mwanamuke hacheze mupira, ataharibika." Hakuna kitu kinachoharibika. Msichana anayeruka na kukimbia miaka ile ya kukua anajiwekea mifupa atakayoitumia akiwa mama na akiwa bibi, sababu mfupa unajenga akiba yake kubwa katika utoto na ujana. Hata siku za hedhi hakatazwi kucheza. Kama hana maumivu makali na ana kitu safi cha kujisitiri, acheze.

Kinachomzuia sana si mwili, ni saa. Hana wakati. Basi mzazi anayetaka msichana wake acheze asianze na kumnunulia viatu. Aanze na kugawa kazi. Nyumbani kwa dada tuliongea juu ya hayo, si bila makelele. Sasa siku ya pili na siku ya ine kijana ndiye anateremka kwenye chemchemi, na bido imekuwa ya lita 10, anakwenda mara mbili. Siku ya kwanza wenzake walimcheka. Siku ya tatu wawili kati yao walikuwa naye njiani, na wao na bido zao.

Kule mjini hali iko ingine

Ndugu zetu wa Butembo na Beni wako na shida tofauti. Kule kazi ya mwili imepungua, na pahali pa kucheza pamepungua pia. Parseli zimegawanywa na kugawanywa tena, nyumba zinagusana, kiwanja ambacho baba alichezea kimekuwa maduka. Barabarani moto zinapita kama nyuki, mzazi anaogopa. Akitoka mtoto, anaitwa: "Ingia ndani!" Ndani kuna telefone na televizyo. OMS inaomba mtoto ambaye hajafika miaka 2 asiwekwe mbele ya televizyo hata kidogo, na wa miaka 2 hadi 4 asipite saa 1 kwa siku.

Hata mpira tumeugeuza kuwa wa kutazama. Siku Nyuki inacheza kwenye uwanja wa Matokeo, Butembo nzima inasimama. Ni furaha kubwa, hatusemi vibaya. Lakini wanaokimbia uwanjani ni 22. Sisi wengine tumekaa.

Na wakubwa? Mwaka 2024 OMS ilitangaza kama karibu mtu mzima 1 kwa 3 duniani hafikishi zile dakika 150, yaani watu kama miliari 1,8. Mwili uliokaa unalipa. Misuli inapofanya kazi inachukua sukari kutoka katika damu na kuitumia kama mafuta ya gari. Isipofanya kazi, sukari inabaki inazunguka, na siku zikipita ugonjwa wa sukari unapata njia. Mishipa ya damu nayo inakuwa migumu, damu inapanda, ule ugonjwa tunaouita tansiyo. Zamani tulisema ni magonjwa ya wazungu na ya matajiri. Leo kila avenyu iko na mtu anayekunywa dawa za tansiyo kila asubuhi.

Kwa watu wa mjini dawa ya kwanza haina bei: teremkeni kwenye moto mapema kidogo, mtembee robo saa ya mwisho. Peleka mtoto shuleni kwa miguu, mkiongea. Kupanda mlima mmoja wa Butembo kwa mwendo wa haraka ni mazoezi kamili, watu wa inchi za tambarare wangeutamani.

Na vita je?

Hatuwezi kuandika juu ya michezo ya watoto wa Kivu ya Kaskazini na kujifanya hatuoni. Tangu Oktoba 2014 mauaji hayajaacha upande wa Beni. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya amri ya serikali ya kijeshi, ile tunayoita hali ya kuzingirwa. Mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa M23, na familia nyingi zilipanda kuja huku Lubero na Butembo na mikeka kichwani. Kabla ya hayo tulipita Ebola, kutoka tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, wakati tuliwafundisha watoto wasipeane mikono. Katikati yake Korona ikafunga shule, Machi 2020. Kuna watoto kwetu ambao utoto wao wote wamesikia neno moja: "Usitoke. Usiguse. Nyamaza."

Wengine wanasema, katika hali hii kucheza ni mchezo tu, kwanza chakula. Chakula ni kwanza, ni kweli. Hapa Kongo watoto kama 42 kwa 100 wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa juu ya kukosa chakula kizuri. Mtoto mwenye miguu iliyovimba, ama aliyekonda sana, ama mwenye homa, usimkimbize kwenye mchezo. Mpeleke kwenye kituo cha afya.

Lakini ujue kitu hiki ambacho hata mimi kilinishangaza. OMS ina hatua 10 za kutibu mtoto mwenye utapiamlo mkali hospitalini. Ya kwanza ni kuzuia sukari isishuke, ya pili ni kumpatia joto, kisha maji, dawa, maziwa. Na hatua ya 9? Ni kumpenda na kucheza naye: dakika 15 hadi 30 kila siku za mchezo uliopangwa, na mama awemo. Imeandikwa pamoja na maziwa na dawa, sababu mtoto anayelishwa bila kuchezeshwa, akili yake na mwili wake vinachelewa kurudi. Basi kama mchezo uko na nafasi kwenye kitanda cha mtoto mgonjwa hivyo, hauwezi kukosa nafasi katika familia ya wakimbizi.

Mtoto aliyekimbia risasi anaweza kubaki na hofu ndani ya mwili: hasemi, analoea kitandani, anashtuka usiku. Wale wanaofanya kazi na watoto hao katika kambi na sehemu za kuchezea wanajua kama mchezo wa pamoja, wenye saa yake na sheria zake, unamrudishia mtoto kitu ambacho vita imemnyang'anya: kujua kinachofuata. Tena ni haki yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao inchi yetu ilitia sahihi na kuukubali mwaka 1990, unasema katika kipengele cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza.

Ila usalama mbele. Watoto wachezee karibu na nyumba, pahali mkubwa anaona na kusikia, na wawe wamerudi mbele ya giza. Kiwanja ambapo watu wenye silaha walipiga kambi kisichezewe mpaka wakubwa wa pahali na wenye ujuzi wahakikishe. Na mfundishe mtoto maneno haya kama salamu: chuma usichokijua usikiguse, usikipige teke, usikitupie jiwe, simama, rudi ulikopita, ita mkubwa. Mabomu yaliyobaki yanafanana na vitu vya kuchezea.

Shule ina saa yake

Katika programu ya shule zetu, mazoezi ya mwili ni somo, na limeandikwa kwenye oreri kama hesabu na kifaransa. Wanafunzi wanaliita jimu. Lakini sisi wote tunajua linavyokwenda: mitihani inakaribia, saa ya jimu inachukuliwa na hesabu. Ama mwalimu anatupa mpira mmoja, wavulana 20 wanaufuata na wengine wanakaa chini ya mti. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure, Septemba 2019, madarasa yamejaa, na mwalimu mmoja mbele ya watoto 60 ao 70 hawezi kufanya miujiza.

Anaweza lakini kufanya kidogo. Dakika 5 katikati ya masomo: simameni, rukeni mara 20, nyosheni mikono, kaeni. Mtoto aliyetikiswa hivyo anasikiliza vizuri kuliko aliyebanwa kwenye benchi asubuhi nzima. Kwa wasichana, nzango. Ni mchezo wetu, wa wasichana wa shule katika Kongo zote mbili: wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, kisha kila mmoja anatoa mguu. Mwaka 2015 nzango ilionyeshwa mbele ya Afrika nzima kwenye Michezo ya Afrika, Brazzaville. Haiombi mpira, haiombi viatu, haiombi kiwanja kikubwa.

Na wazazi tuko na komite yetu shuleni. Kwenye mkutano tunauliza sana juu ya pesa na juu ya pointi. Tumuulize direkta siku moja: saa ya jimu iko wapi? Na kiwanja cha shule, nani anakilinda kisiuzwe ao kisikatwe kipande? Kiwanja kikisha kujengwa hakirudi tena. Salongo ya Jumamosi moja inatosha kukata majani, kuokota vyupa na kuziba mashimo.

Familia ianze wapi?

Si lazima mambo makubwa. Haya yanawezekana hapa kwetu bila franga moja:

Mzigo: mtoto apewe bido ya kiasi chake. Afadhali aende mara 2 na lita 5 kuliko mara 1 na lita 10. Lita 20 ziwe za wakubwa. Wavulana nao wachote.

Saa ya mchezo: kabla jua halijaingia, nusu saa iwe ya watoto wote wa parseli, wasichana na wavulana. Kazi ingojee. Waruke kamba, wajifichane, wasukume gurudumu, wacheze nzango. Mpira wa masashe na kamba za migomba unatosha.

Wakubwa waingie: mtoto anafuata anachoona kuliko anachoambiwa. Baba akiruka kamba mara 10 watoto watacheka mpaka kulia, na kesho watamngojea. Siku ya Mungu, baada ya ibada, familia irudi kwa njia ndefu.

Wasioweza sana: mtoto mwenye ulemavu asiachwe kwenye mlango. Asiyesimama anaweza kurusha na kudaka mpira, kuhesabu, kuwa mwamuzi. Mama mjamzito, kama muganga hakumkataza, atembee. Kinachomwumiza ni mzigo mzito, si mwendo. Babu na bibi wasimame kwa mguu mmoja wakishika ukuta, kisha mwingine, kila asubuhi.

Kuanza polepole: mtu mzima aliyekaa miaka asianze na mbio. Dakika 10 leo, juma lijalo 15. Ukisikia maumivu ya kifua ao kizunguzungu, acha na umwone muganga. Mwenye tansiyo ao sukari asiache dawa zake juu ya kwamba ameanza kutembea.

Maji na sabuni: baada ya mchezo mikono inawe. Tulijifunza hilo kwa bei kali wakati wa Ebola, tusilisahau.

Jana magaribi nilipita tena kwenye ile njia ya chemchemi. Ilikuwa siku ya ine. Kijana wa dada alikuwa anapanda na bido yake ya lita 10, anapumua kwa nguvu, hakutaka nimsalimie sana mbele ya wenzake. Kwenye uwanja wa nyumba, dada yake mdogo na wasichana 4 wa majirani walikuwa wanaruka kamba. Mama yao alisimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi. Nikamuuliza kama anakumbuka vile alivyokuwa anatushinda mbio mpaka kwenye kivuko. Akasema anakumbuka. Akaweka mwiko chini, akaomba zamu.

Wazazi wenzangu wa Kasugho, wa Butembo, wa Beni na wa kila pahali mnaposoma habari hii: magaribi ya leo mtazame ndani ya parseli yenu. Nani anabeba, nani anacheza? Kama ni mtoto mmoja tu siku zote upande mmoja, badilisheni.